Kila Nyumba Kipande Kimoja

Mguu wake wa kulia haukujua kutulia. Ukikaa naye kwenye matanga, ukikaa naye kwenye kibao mbele ya nyumba yake hapa mjini Baraka akimenya karanga, ule mguu ulikuwa unakanyaga tu: breki, mafuta, breki. Watoto wa mtaa walimwiga nyuma yake, na mimi nilikuwa kiongozi wao. Tulimwita Shoferi, wakubwa kwa wadogo, ingawa hakuna hata mmoja wa umri wangu aliyewahi kumwona akiendesha kitu chochote. Hata baiskeli aliisukuma. Siku tulipomzika nilimnong'oneza mke wake kwamba ule mguu sasa umepumzika, akanijibu, “Unadanganyika, Safari. Kule alipo anakanyaga.”

Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo gani, hayo waulizeni wengine. Mimi nilimjua kama jirani, ua kwa ua, na sina subira ya kumwanza mtu tangu tumboni. Ninalotaka kusema ni hili: aliwahi kuendesha landrova, akaifungua vipande vipande kwa mikono yake mwenyewe, kisha akazeeka akitaka kuirudisha iwe gari. Na kipande kimoja kilikuwa kwa mama yangu, ambaye hakutaka maneno naye.

Niieleze ile siku mara moja, tuendelee, maana nikikaa juu yake sana napandwa na hasira ambayo hata si yangu.

Landrova ilikuwa ya tajiri mmoja wa Fizi-Centre, kule juu milimani. Alinunua mihogo na mafuta ya mawese kwa wakulima, Shoferi akavishusha ziwani. Ilikuwa nzee tayari wakati huo, ya enzi za Wazungu, yenye bati nene na macho mawili yaliyosogeleana. Vita vilipokaribia, wenye bunduki walikuwa wanachukua kila kitu chenye magurudumu, pamoja na dereva wake. Tajiri alikuwa ameshavuka ziwa. Asubuhi hiyo gari moja lilishuka na watu ndani, na halikufika Baraka. Habari zilipopanda mlimani, saa sita mchana, Shoferi alitoa funguo zake, spana za gari, akaanza kufungua. Mlango wa kushoto, nyumba hii. Mlango wa kulia, nyumba ile. Kila nyumba kipande kimoja, ili mtu yeyote asiweze kuliondoa gari. Na kwa kila aliyempa alisema maneno yale yale: “Unichungie. Nitakifuata.”

Mama yangu alifika pale akiwa na mimba ya miezi tisa. Ile mimba ni mimi.

“Shoferi, nipeleke Baraka. Mutoto iko karibu.”

“Mama, gari imeisha kufa. Angaria.”

“Rudisha zile bintu. Mi nitangojea.”

“Njia haiko. Ile gari ya asubuhi haikufika. Ukisikilika na mashini, umekufa. Enda na miguu, pitia mu mashamba.”

Mama hakuondoka. Alisimama pale akishika kiuno. Ndipo Shoferi akamfungua kiganja, akamtilia kidude kidogo, kirefu kama kidole gumba, cheusi, chenye ulimi wa shaba juu. Mafundi wanakiita kidole cha delko. Kinagawa moto kwenye mashini, yaani injini. Kikikosekana, gari lote ni chuma cha kukalia.

“Hii njo nyepesi kuliko yote,” alimwambia. “Unichungie. Nitakifuata.”

Mama alitembea siku mbili. Mimi nilitoka siku ya pili, kwenye mteremko, chini ya mti wa mfenesi, akinamama wawili wasiomjua wakimshikia vitenge. Hapa kwetu kina Safari ni wengi, wengine walizaliwa mama zao wakienda sokoni tu. Safari yangu mimi ni hiyo. Mama alikuwa akiisimulia kwa sentensi moja, akikoroga bugali kwa nguvu kuliko unavyostahili kukorogwa: “Niliomba gari, akanipa kipande.”

Tulivuka ziwa, tukakaa kambini Tanzania, tukarudi nilipokuwa na miaka tisa. Hatukupanda tena Fizi. Ndugu walitutafutia kiwanja hapa Baraka, chini, na siku ya kwanza mama alipotoka kumwaga maji, aliinua macho juu ya ua wa minyaa akamwona Shoferi upande wa pili, anapiga mswaki. Beseni lilimponyoka. Shoferi alibaki na povu mdomoni.

“Jambo, Mama.”

“Jambo.”

Na ndiyo ikawa hiyo, miaka na miaka. Jambo, jambo. Shoferi akiugua malaria, mama alipika uji akanituma niupeleke. “Mupelekee. Asikufe sasa, hasira yangu bado haijaisha.” Mimi nikavuka na bakuli, nikamkuta amelala na homa ya kutetemesha kitanda, na mguu chini ya blanketi unakanyaga.

Alikuwa mtu wa masikio. Alisema gari haliendeshwi kwa macho, macho ni ya kutazamia wasichana, gari linasikilizwa. Malori yanayotoka Uvira aliyajua kabla hayajaonekana, kila moja kwa sauti yake. “Ule iko na bolingi mbaya ku gurudumu ya nyuma,” angesema, akiendelea na karanga zake, na wiki hiyo hiyo lile lori lingelala njiani likiwa limewekewa mawe chini ya tairi. Vijana wa pikipiki aliwatukana wote kwa usawa, bila chuki. Aliwasimamisha katikati ya barabara, akaweka sikio kwenye tangi kama daktari, akawaambia watubu.

Misa hakuikosa, lakini hakuwahi kuketi. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Padri alimuuliza siku moja anaogopa nini. Akajibu, “Padri, siogope kintu. Kama batu bote banatoka mara moja, njia inafungika.” Watu walimwambia mvumilivu hula mbivu. Yeye aliuliza: “Na meno zikiisha?”

Sasa hapa ndipo aliponichosha akili. Mtu huyo asiyeweza kungoja chai ipoe, aliyekuwa akiinywa ikichemka na kulaani, mtu huyo alikuwa na subira kuliko wote niliowahi kuwaona, kwa jambo moja tu. Na mtu huyo aliyesema kila kitu mbele ya kila mtu, palikuwa na neno moja halikumtoka mdomoni hata alipokuwa amelewa. Usukani wa landrova alibaki nao yeye. Aliutundika ukutani sebuleni, mahali ambapo wengine wanatundika msalaba. Msalaba aliutundika pembeni. Mke wake, tuliyemwita Mama Shoferi, alikuwa akiwaonyesha wageni: “Mi niliolewa na mutu, muone, niko naikala mu karaje. Na karaje yenyewe haina gari.”

Mambo yalianza jicho lake la kulia lilipoingia ukungu. Muuguzi alimwambia ni mtoto wa jicho, na la kushoto litafuata. Kesho yake alfajiri hakuonekana. Alikuwa amepanda Fizi kwa miguu.

Landrova ilikuwepo. Yaani mifupa yake: fremu, mashini iliyokuwa nzito mno kwa wezi, na sakafu ya bati. Ilikuwa nyuma ya depo la zamani la yule tajiri, imemezwa na mmea wa marakuja, yaani pesheni, na kuku wanataga pale pa dereva. Tajiri hakurudi tena. Mjane wake alirudi. Shoferi alimwambia anataka kuinunua.

“Ununue nini?” mjane akacheka. “Hii ni nyumba ya kuku. Ukiitosha hapa uende nayo, kuku yangu italala wapi?”

Swali hilo, nakuapia, ndilo lililompa sheria yake. Wengine wangepandisha bei. Yeye alirudi Baraka, akaazima msumeno, akapanda tena na mbao kichwani, akamjengea mjane banda la kuku, zuri, lenye mlango na ngazi. Kuku walipohama wenyewe, ndipo akatoa mbuzi wake watatu. Walikuwa ni mbuzi wa Mama Shoferi pia, jambo alilosahau kulitaja nyumbani. Mama Shoferi alienda kwa kaka yake majuma mawili. Aliporudi alikuta landrova iko uani kwake, na hapo ndipo alipokaa chini akalia, kisha akacheka, kisha akaomba naye ajengewe banda la kuku lenye ngazi.

Jinsi ilivyoshuka, mwisho wake niliuona kwa macho yangu. Lori lililokuwa linarudi tupu lilikubali kuibeba, watu ishirini wakaipandisha. Shoferi alikataa kukaa mbele na dereva wa lori. Alipanda juu, nyuma, akaingia ndani ya mifupa ile, akakaa kwenye kreti tupu la bia, akafunga usukani wake mahali pake. Na kutoka Fizi mpaka Baraka, kona kwa kona, aliendesha. Gari juu ya gari! Kwenye miteremko alikanyaga breki ambayo haikuwepo. Sisi tulikuwa tumejipanga barabarani kama tunangoja gavana. Watoto walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele vya kumtania. Yeye hakutuangalia. Alitoa mkono dirishani, dirisha ambalo pia halikuwepo, akaonyesha kwamba anakata kushoto.

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama nyuma ya ua, mikono imekunjwa, na hakucheka.

Basi ikaanza kazi ya kutafuta vipande, na hapo ndipo wengi walisema amerukwa na akili. Hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na orodha kichwani: nani, nyumba ipi, kipande kipi. Lakini watu walikuwa wamekimbia, wamevuka, wamerudi, wengine wamezikwa. Na vipande navyo vilikuwa vimejitafutia kazi. Mlango wa kulia ulikuwa mlango wa choo cha katekista mmoja. Kapo, yaani kifuniko cha mashini, kilikuwa kwa mama mmoja wa ufukweni anakaushia ndagala, samaki wetu wadogo, na alisema hajawahi kupata bati linaloshika jua vizuri namna ile. Tangi lilikuwa ngoma.

Mtu mwingine angesema: ni vyangu, nipeni. Shoferi alisema: “Hautoshe mulango ku nyumba ya mutu bila kumuachia mulango.” Kwa hiyo alijifunza useremala, uzeeni, ili atengeneze gari. Katekista alipata mlango wa mbao wenye komeo. Akasema ndani ya choo sasa kunanukia msonobari, anakaa zaidi. Mama wa ndagala alipata wavu mpya juu ya miti minne. Ilichukua miezi. Ukimuuliza gari iko wapi, atakuambia, “Leo niko natengeneza ngoma.”

Rimu moja, chuma cha gurudumu, ndiyo ilimshinda kidogo. Ilikuwa kengele ya kanisa dogo la Kiprotestanti kule Fizi, imetundikwa kwenye mti, inapigwa kwa nati. Wazee wa kanisa walisema imeshawekwa wakfu. Shoferi, Mkatoliki, alijibu kwamba hata yeye aliwekwa wakfu lakini bado anafanya kazi. Mwisho walikubali, akawaletea rimu ya lori, kubwa, nzuri. Ila mlio wake ulikuwa mwingine. Jumapili mbili mfululizo waumini walikaa majumbani wakisema, ni nani huyo anagonga chuma tangu asubuhi? Mchungaji alihubiria viti. Shoferi alipanda tena, siku nzima, akaitoboa ile rimu tundu dogo hapa na pale mpaka ikalia karibu na ile ya kwanza. “Gari ni masikio,” aliniambia aliporudi, amechoka kama punda. “Na kanisa pia.”

Halafu Bibokoboko.

Kardani, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya mashini kwenye magurudumu ya nyuma, alikuwa amempa mfugaji mmoja wa Bibokoboko, kule juu kabisa kwa watu wa ng'ombe, aliyekuwa ameshuka Fizi siku ile kuuza mafuta ya ng'ombe. Walikuwa wakifahamiana sokoni. Tangu hapo mambo kati ya watu wetu na watu wao yaliharibika, yakatengenezwa, yakaharibika tena, na sitaki kuyafumua hapa. Itoshe kusema kwamba mtu wa huku chini hakuwa anapanda kule peke yake kwa ajili ya chuma. Mama Shoferi alimshika shati mlangoni. Mimi nilimwambia kardani zinapatikana Kigoma, boti inaleta.

“Kardani ya Kigoma haina mutu aliichunga,” alisema. Akaenda.

Siku ya tano hajarudi. Mama yangu, aliyekuwa hamtaji, aliniuliza mara tatu kwa siku moja kama nimesikia habari za “yule.” Siku ya saba tukamwona anakuja barabarani, chuma begani, nzi wanamfuata. Ile kardani ilikuwa inang'aa kama kisu. Yule mfugaji alikuwa ameiweka chini ya kitanda chake miaka yote, na kila mwezi aliipaka mafuta ya ng'ombe isishike kutu. Alikimbia nayo mara mbili. Mara moja aliacha magodoro, akabeba hiyo.

“Na we ulimuachia nini?” nikamuuliza. Sheria yake naijua.

“Nilimuuliza. Akasema, mi sina haja ya kintu. Uniachie habari. Batu ya chini banaishi aje? Nani alikufa, nani alizala, soko inafanya siku gani. Mi nilimupasha habari siku ine. Maulizo yake haiishake.” Akaipangusa ile kardani kwa kiganja. “Ule muze alilia, Safari. Juu ya habari za soko.”

Wiki nzima uani kwetu kulinuka siagi.

Mimi niliingia kwenye hiyo landrova kwa sindano. Ni mshonaji, nina charahani sokoni, na aliniomba nishone viti. Nikakaa naye jioni nyingi, yeye ananyoosha bati, mimi napima turubai, na Mama Shoferi anatuchekesha. Gari likawa gari. Rangi ya kijani aliipaka mwenyewe, na kwa kuwa jicho lilikuwa moja, upande wa kulia ulipata rangi kidogo kuliko wa kushoto. Fundi kijana kutoka Makobola alikuja kufungua mashini, akaiosha, akairudisha, akasema: hii mashini ni nzima, inadai kitu kimoja tu. Kidole cha delko. Akatoa kingine mfukoni, kipya, kutoka Kigoma, bure, kwa heshima ya mzee.

Shoferi alikigeuzageuza mkononi, akamrudishia. “Aksanti, mutoto yangu. Kidole ya hii gari iko na mwenye kuichunga.”

Miezi minne ikapita. Gari limekamilika, linang'aa uani, na halitembei. Na ukungu unaingia jicho la kushoto. Mtu aliyepanda Bibokoboko hakuweza kuvuka ua wa minyaa wa hatua kumi. Alinituma mimi.

“Mwambie Mama yako, kama bado iko nacho.”

Nikamwambia mama. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa. “Ananituma mutoto? Ile siku hakunitumia mutu. Alinipatia mu mukono. Akuye yeye mwenyewe.”

Nikarudi nikamwambia. Alikanyaga, alikanyaga, akasema kesho. Kesho ikawa wiki. Wee! Nilichoka na wote wawili. Yule hapa, yule pale, na mimi katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Nilijua kidude kinakaa wapi. Kilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na kadi yangu ya ubatizo, kimefungwa kwa kipande cha kitenge. Utotoni nilidhani ni dawa. Siku moja mama alipokwenda shambani nilikichukua, nikavuka ua, nikakiweka kwenye kiganja cha Shoferi.

“Weka. Washa. Tumalize.”

Akakishika muda mrefu. Mguu ulienda mbio. Kisha akanirudishia, na sauti ilikuwa kali ambayo sikuwahi kuisikia kwake. “Rudisha. Hii sikukupatia we.”

“Basi juu ya nini hauendi? Unaogopa nini, Muze? Mama hatakukula.”

“Bale bengine bote nilibaachia kintu,” alisema. “Nyumba ya kuku, mulango, habari. Yeye nitamuachia nini? Alitembea na tumbo. Mi nilibaki, nilimuona mpaka alipotea ku kona. Nilikuwa na funguo mu mukono. Kurudisha bile bipande ilikuwa saa moja, Safari. Saa moja tu.”

“Lakini lile gari la asubuhi…”

“Najua. Kila siku najua.”

Nilikirudisha kwenye kopo. Usiku ule, tukila, nilimuuliza mama moja kwa moja: hivi unafikiri alikosea? Alitafuna kwanza. “Angetupeleka, pengine tungekufa bote. Alikuwa na haki. Njo mana inaniuma. Kama angekosea ningemusamehe zamani.”

Nilishindwa hata kulala, nikaamka nikashona.

Ilikuwa Jumamosi, kama saa tatu asubuhi, mama anaosha vyombo uani. Tukasikia watu wanahema. Nikatoka. Vijana sita wanasukuma landrova, Shoferi kwenye usukani, Mama Shoferi anafuata nyuma na mtungi wa maji. Walizunguka ua mzima, wakaileta mpaka mlangoni kwetu. Shoferi akashuka. Alikuwa amevaa shati la misa, kola imefungwa mpaka juu. Vijana wakarudi nyuma wenyewe, hakuna aliyewaambia.

“Jambo, Mama Safari.”

“Jambo.”

Nikadhani itaishia hapo, kama kawaida. Mguu wake ulikuwa unakanyaga mchanga, umeshachimba kishimo.

“Nilikuya kufuata ile kintu nilikuachia,” akasema.

Mama alifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole. Akaingia ndani. Nikasikia kopo linafunguliwa. Akatoka nacho bado kimefungwa, akakishika yeye, hakumpa.

“Batu bote banasema unaachiaka mutu kintu. Mi utaniachia nini?”

“Nitakupeleka,” Shoferi akasema haraka, kana kwamba neno hilo lilikuwa limekaa mlangoni mwa mdomo miaka yote. “Panda. Nitakupeleka.”

“Utanipeleka wapi?” Mama hakupandisha sauti. “Mi nilishafika, Shoferi. Nilifika na miguu. Mutoto njo huyu, anashona nguo. Unipeleke wapi tena?”

Mama Shoferi akaweka mtungi chini. Mimi, nakuambia kweli, nilitamani mtu apige hata chafya. Shoferi alikuwa ameinamisha kichwa, na nilimwona mzee kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilimwona msumbufu tu. Kisha akainua uso, jicho moja jeupe, jingine linatafuta.

“Kama ulishafika,” akasema, “basi nikurudishe.”

Mama akatazama juu ya kichwa chake, kule milima ya Fizi ilipo. Hakuwa amepanda tangu siku ile. Nyumba yao ilikuwa huko, na kaburi la mama yake, na yeye kila mwaka alikuwa na sababu mpya ya kutokwenda.

“Na macho?” akauliza.

“Moja inaona. Njia pia ni moja.”

Alicheka. Mama yangu alicheka mbele ya Shoferi, akajiziba mdomo, akawa amechelewa. Akanyoosha mkono, akamtilia kile kidude kiganjani, vile vile kama alivyotiliwa yeye. Shoferi alifungua kapo, akainama, mikono ikijua njia bila macho. Akaingia, akakanyaga, akawasha. Mashini ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Vijana walipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba.

“Panda sasa, Mama Safari, mbele jua haijapanda.”

“Ngojea,” akasema mama. “Mi pia nilisema nitangojea, ile siku. Ngojea nioge.”

Alioga. Alijipaka mafuta. Alichagua kitenge, akakikataa, akachagua kingine, akaniita nimfunge kitambaa, akakifungua, akaniambia nirudie. Ilipita saa nzima, na naapa aliipima. Nilichungulia mlangoni nikitegemea kumwona Shoferi anapiga honi au anazunguka gari akilaani. Alikuwa amekaa nyuma ya usukani, mikono magotini, mashini inanguruma polepole. Nikamtazama miguu. Yote miwili ilikuwa imelala chini, imetulia.

Mama akatoka, akapanda mbele, akafunga ule mlango wa katekista kwa nguvu.

“Twende,” akasema. “Na ku ule mufenesi usimame, nimuonyeshe mutoto.”